Neno Alilolimeza Kanga

Paukwa!

— Pakawa!

Nani ameitikia? Wa mbele tu. Wa nyuma mmenyamaza kana kwamba ngano ni ya wenye viti. Tena. Paukwa!

— Pakawa!

Mwenye pembe yupo?

— Yupo!

Asiye na pembe yupo?

— Yupo!

Basi na akae mahali atakaposikika, maana leo nasema habari zake.

Hapo zamani za kale, kabla manyoya ya Kanga hayajapata madoa, na kabla Nyati hajajua kuinamisha kichwa, wanyama walikuwa na kiwanda cha vyungu. Ndiyo, kiwanda. Walikuwa na shimo la udongo, walikuwa na tanuri, walikuwa na wakati wa kuingia kazini na wakati wa kunywa uji. Na vikao walikuwa navyo, tena vingi. Penye vikao, wanangu, hapakosi hadithi.

Mkuu wa kiwanda alikuwa Nyati. Nyati hakuwa mbaya. Nalisema hili mapema ili msije mkamchukia bure. Alikuwa mchapa kazi, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipokuwa na neno, aliona maneno yote duniani yamekwisha.

Na kile kiwanda kilikuwa na desturi. Kikaoni walisema kwa ukubwa wa pembe. Nyati alisema kwanza. Baada yake Pofu, yule mnyama mkubwa wa pembe zilizosokotwa, kisha Swala, kisha Mbuzi. Wasio na pembe walingoja mwisho. Ngiri alijaribu siku moja kudai kuwa yale meno yake yaliyojikunja ni pembe. Wakamwambia, "Meno ni meno, Bwana Ngiri. Kaa nyuma." Akakaa nyuma, na Kobe, na baadaye Kanga.

Na mwisho ulipofika, uji nao ulikuwa umeiva. Nani atasikiliza neno la Kobe na uji unanukia?

Ndiyo maana wakati wa kukanyaga udongo waliimba hivi. Niitikieni "Kanyaga".

Kanyaga udongo, kanyaga!

— Kanyaga!

La mkubwa limeshatoka!

— Kanyaga!

La mdogo lingoje uji!

— Kanyaga!

Waliimba wote, hata wadogo wenyewe. Mtu akizoea kuonewa huuimba wimbo wake kwa sauti nzuri.

Sasa, mwaka huo kiangazi kilikuja na meno. Mto ulikauka, likabaki dimbwi moja. Na ndani ya dimbwi alikuwemo Mamba. Mamba hakumgusa Nyati. Hakumgusa Pofu. Aliwangoja wadogo.

Kanga alilijua dimbwi hilo. Kiangazi cha nyuma yake alikuwa na vifaranga tele, wakitembea wanaumana mikia. Dimbwi likala mmoja, likala mwingine, likala mwingine. Akabaki na mmoja tu, jina lake Kinyoya, mwepesi kiasi kwamba upepo ukivuma mama yake alimkanyagia kibawa asipeperuke.

Wanyama wakasema, "Tufinyange mtungi mkubwa. Mkubwa usiopata kuonekana popote. Tuusimamishe hapa uwanjani, wenye nguvu wachote maji kwa vibuyu waujaze, wadogo wanywe hapa hapa. Mamba afe na kiu ya nyama."

Lilikuwa wazo zuri. Kanga alilia kwa furaha. Siku hiyo hiyo akaomba kazi kiwandani, akapewa kazi ya kuzoa majivu.

Wakafinyanga mtungi. Wakauingiza tanurini. Paa! Mtungi ukapasuka.

Nyati akaitisha kikao.

Akasema, "Nimefikiri. Tatizo ni moto. Moto ni mdogo. Tuuwashe mkubwa, mkubwa kweli kweli."

Pofu akasema, "Moto, Mkuu."

Swala akasema, "Hata mimi lilikuwa ulimini. Moto."

Mbuzi akasema, "Moto, moto."

Wasema wahenga, penye wengi hapaharibiki neno. Mimi nawaambia pale liliharibika, maana wengi walikuwepo lakini neno lilikuwa moja tu, linapita kinywa hadi kinywa.

Kanga akasimama. Akasema, "Mkuu, samahani. Mimi sijui vyungu. Najua mayai. Yai silipashi moto mara moja, litaharibika. Ninaliatamia polepole, nageuza, naatamia tena. Sasa nikawaza, labda na mtungi tungeuatamia kwanza..."

Wenye pembe wakatazamana.

Kisha akacheka Fisi. Fisi kazi yake pale ilikuwa kuleta kuni, lakini kazi aliyoipenda ni kucheka. Alikuwa na kicheko kinachoanza chini kikapanda, kikapanda, mpaka kila aliyekisikia akacheka bila kujua anacheka nini.

"Kanga anataka kuutaga mtungi!" Fisi akasema. "Bi Kanga, utaweza? Mtungi utapita wapi?"

Wakacheka. Akacheka Pofu, akacheka Mbuzi, akacheka na Ngiri. Nyati naye akatabasamu, na tabasamu la mkubwa ni ruhusa. Kanga akaona kichwa chake kimekuwa cha moto. Akatamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. Uji ukaja, wakanywa.

Jioni Kinyoya akamuuliza, "Mama, mtungi umeiva?"

Kanga akasema, "Kesho, mwanangu."

Wakafinyanga mtungi wa pili. Wakawasha moto mkubwa, moto wa kuunguza nyusi. Paa! Mtungi ukapasuka, tena vibaya kuliko wa kwanza.

Nyati akaitisha kikao.

Akasema, "Nimefikiri. Tatizo ni maji yaliyo ndani ya udongo. Tuuanike juani, katikati ya uwanja, jua la mchana, mpaka ukauke kabisa."

Pofu akasema, "Jua, Mkuu."

Swala akasema, "Nilitaka kusema jua."

Mbuzi akasema, "Jua, jua."

Ngiri akajikohoza. Akasema, "Mkuu, mimi jua likiwa kali naingia shimoni kwangu. Naingia kinyumenyume, nalala kwenye ubaridi. Ngozi yangu haijapata ufa hata siku moja. Nikasema, mtungi nao labda tungeuingiza shimoni, ukauke taratibu..."

"Kinyumenyume?" Fisi akauliza. "Mtungi nao uingie kinyumenyume?"

Kicheko kikaanza chini, kikapanda, kikapanda. Wakacheka wote. Na niwaambie aibu iliyopo hapo: Kanga naye alicheka. Alicheka kwa nguvu, akapiga na mabawa. Alifurahi kwamba leo si yeye. Ngiri akamwona. Uji ukaja.

Jioni Kinyoya akauliza, "Mama, mtungi umeiva?"

"Kesho, mwanangu."

Wakafinyanga mtungi wa tatu. Wakauanika juani. Haukufika hata tanurini. Jua liliuchana ufa kuanzia mdomo hadi kitako, ukagawanyika mbele ya macho yao.

Nyati akaitisha kikao. Sasa alikuwa amechoka, na mkubwa aliyechoka huongeza sauti.

Akasema, "Nimefikiri! Tatizo ni udongo. Una chembechembe. Tuuchekeche, tuuchekeche tena, usibaki hata punje moja."

"Udongo, Mkuu."

"Ulimini mwangu kabisa. Udongo."

"Udongo, udongo."

Kobe akatoa kichwa. Kobe akianza kusema, sentensi yake huchukua muda kufika. Akasema, "Tazameni gamba langu. Ni vipande. Kipande na kipande. Tembo amewahi kunikanyaga, sikupasuka. Kitu kilicho kipande kimoja ndicho hupasuka. Tuna vigae hapa, lundo zima, vya mitungi iliyokufa. Tukiviponda, tukivitia ndani ya udongo mpya..."

"Maiti amtie nguvu mzima!" Fisi akapiga yowe. "Mzee Kobe, ukifa tukuchanganye na watoto wako?"

Wakacheka mpaka Mbuzi akaanguka. Kobe akarudisha kichwa ndani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Kanga safari hii hakucheka. Maneno ya Kobe yalimwingia, yakakutana na maneno ya Ngiri, yakakutana na lile lake la mayai lililochekwa. Vigae ndani ya udongo, ili usiwe kitu kimoja. Shimo la ubaridi, ili ukauke taratibu. Joto dogo kwanza, mtungi ukigeuzwa, na moto mkubwa baadaye. Peke yake kila moja lilikuwa upuuzi. Yote matatu pamoja, Kanga aliuona mtungi umesimama mzima mbele yake, na maji yamejaa, na Kinyoya anakunywa.

Akainua kibawa.

Nyati akasema, "Ndiyo, Bi Kanga?"

Macho yote yakageuka. Pofu alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. Na Fisi alikuwa ameshafungua kinywa, anangoja.

Kanga akakitazama kile kinywa.

Akasema, "Hakuna kitu, Mkuu. Nilikuwa najikuna."

Akashusha kibawa. Uji ukaja, wakanywa.

Jioni Kinyoya akauliza, "Mama, mtungi umeiva?"

Kanga akamfunika kwa kibawa. Neno lilikuwa kooni linamkaba kama mwiba wa samaki. Akasema, "Kesho, mwanangu."

Wakachekecha udongo mpaka ukawa laini kama unga wa mhogo. Wakafinyanga mtungi wa nne. Moto ulipowaka tu, ukavunjika vipande vidogo vidogo.

Vibuyu vya maji ya akiba, walivyonywea wadogo siku hizo zote, navyo vikawa vitupu. Kiu ikaingia uwanjani. Nyati akatangaza, "Kesho asubuhi kikao. Mpaka hapo, kila mtu ajitafutie maji."

Wadogo wajitafutie wapi? Pale pale mnapopajua.

Mtauliza, Nyati hakuwasindikiza? Hakuwasindikiza. Alikuwa anajiandaa na kikao.

Asubuhi Kanga akamchukua Kinyoya, wakaenda dimbwini. Walitembea polepole. Kinyoya alikuwa anaimba ule wimbo wa kukanyaga udongo, maana ndio wimbo pekee alioujua. Kanga akamwambia, "Nyamaza, tumefika." Akatazama maji. Yalikuwa yametulia. Akatazama ukingo. Palikuwa na gogo.

Kinyoya akainama anywe.

Halikuwa gogo.

Sitasema zaidi. Wenye watoto wameshaelewa, na wasio na watoto watanisamehe.

Kikao kilikuwa kimeanza. Nyati alikuwa amesimama anasema, "Nimefikiri. Tatizo ni kuni. Kuni hizi ni mbichi."

Pofu akasema, "Kuni, Mkuu."

Swala alikuwa anafungua kinywa, ndipo Kanga akaingia. Aliingia peke yake. Hakwenda kukaa nyuma. Alipita katikati ya wenye pembe, akasimama mbele ya Nyati, na miguu yake ilikuwa na tope la dimbwi.

Nyati akasema, "Bi Kanga, umechelewa." Kisha akatazama nyuma ya Kanga, akatazama tena. "Mtoto yuko wapi?"

"Mamba amemchukua," Kanga akasema.

Mbuzi akafungua kinywa ampe pole.

Kanga akasema, "Msinipe pole. Bado sistahili. Mkuu, siku ile sikuwa najikuna. Siku aliyosema Mzee Kobe, nilikuwa na neno. Nililiona lote, mwanzo hadi mwisho. Nikakitazama kinywa cha Fisi, nikaogopa kuchekwa mara ya pili. Nikasema afadhali ninyamaze nibaki na uso wangu. Haya, uso wangu huu hapa, nimebaki nao. Mtoto sinaye."

Akamgeukia Ngiri. "Bwana Ngiri, nilikucheka. Neno lako lilikuwa nusu ya langu na mimi nikalipigia mabawa ya dhihaka. Nisamehe."

Ngiri akatazama chini.

"Leo nasema," Kanga akasema. "Mkicheka, chekeni. Sina tena cha kuogopea." Akasema. Vigae vya Kobe viingie udongoni. Mtungi ukauke katika shimo la Ngiri. Upashwe kama yai, ugeuzwe, upashwe, ndipo moto.

Alipomaliza kukawa kimya. Na katika kimya kile, Fisi, kwa mazoea tu, wallahi kwa mazoea, akaanza. Sauti ikatoka chini, ikapanda kidogo. Hakuna aliyemfuata. Kicheko kikabaki peke yake katikati ya uwanja. Wote wakamtazama. Fisi akajaribu kukirudisha ndani, hakikurudi. Akaukunja mkia, akaubana katikati ya miguu.

Nyati naye alikuwa amesimama, na pembe zake zilimlemea. Maisha yake yote alizibeba juu kama taji. Siku hiyo aliusikia uzito wake. Kichwa kikaanza kushuka. Kikashuka mpaka midomo ikagusa vumbi. Akapiga magoti, akalala chini kabisa, akawa chini kuliko Kobe.

Akasema, "Nilitabasamu." Basi.

Kisha akasema, "Nani mwingine alikuwa na neno?"

Aibu ilikuwa imewajaa. Kisha Swala akasema kwa sauti ndogo, "Mimi. Siku ya kwanza sikudhani ni moto. Niliona upepo unaingilia upande mmoja wa tanuri, upande mmoja unaungua na mwingine baridi. Lakini Mkuu alisema moto. Nikasema moto."

Mbuzi akasema, "Na mimi nilisema moto kwa sababu Swala alisema moto."

Ikabaki zamu ya Pofu. Wakamtazama. Mwisho akasema, "Mimi sikuwa na neno lolote. Siku zote sina. Nina pembe tu." Akalia, mnyama mkubwa vile.

Nyati akasema, bado yuko vumbini, "Kuanzia leo mimi nitasema wa mwisho. Leteni vigae."

Wakaleta vigae, vya mitungi yote iliyokufa. Nyati akasema, "Mwenye neno aliseme, na aweke kigae hapa katikati. Zuri, baya, la kuchekesha, aweke. Mtu asiseme hili halifai. Asicheke. Asigune. Mpaka lundo lifikie mgongo wa Kobe. Likifika, ndipo tutashika kimoja kimoja, tuone kipi kinashikana na kipi."

Wakaanza. Mara ya kwanza walisitasita, kila mmoja akimwangalia Fisi. Fisi alikuwa ameziba kinywa kwa miguu yote miwili ya mbele. Kanga akaweka chake. Kobe akaweka chake, Ngiri akaweka chake. Swala akaweka cha upepo. Mbuzi akasema, "Mtungi tuupake maziwa," wakanyamaza, akaweka. Ngiri akasema, "Tusifinyange mmoja mkubwa, tufinyange midogo mingi," akaweka. Kobe akasema, "Tumwombe Mamba radhi." Hapo Mbuzi alitaka kucheka, akajiuma ulimi. Kobe akaweka kigae chake.

Hata Fisi akainua kucha. Akasema, "Kuni zangu... huwa naleta kubwa tu ili nirudi mapema. Ndogo zipo. Moto wa mayai unataka ndogo." Akaweka kigae, akarudi nyuma upesi.

Lundo likafika mgongo wa Kobe. Uji ukaiva, hakuna aliyeinuka. Uliungua, wanangu! Uji wa kiwanda kizima uliungua na hakuna aliyejali.

Wakashika kigae kimoja kimoja. La maziwa na la mitungi midogo wakayaweka pembeni. La kumwomba Mamba radhi wakaliweka mbali zaidi. Mengine yakashikana. Wakaponda vigae, wakavitia udongoni. Wakakanyaga, na wimbo wakaugeuza wenyewe, hakuna aliyewaamuru. Niitikieni.

Kanyaga udongo, kanyaga!

— Kanyaga!

La mdogo litoke kwanza!

— Kanyaga!

La mkubwa lingoje nyuma!

— Kanyaga!

Ngiri akalipanua shimo lake. Mtungi ukalala humo ukakauka taratibu. Swala akawaonyesha upande wa upepo, wakajenga ukuta. Fisi akaleta kuni ndogo, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, miguu ya nyuma ikachoka mpaka akawa anachechemea. Na Kanga akakaa na mtungi. Aliuzunguka akiugeuza, akiongeza makaa, akiugeuza. Alikuwa na manyoya meusi tititi, hakuwa na doa hata moja. Majivu yakamrukia, yakamshika, tone kwa tone. Hakujikung'uta.

Kisha moto mkubwa. Wote wakaziba masikio, wakangoja ile paa.

Haikuja.

Wakangoja. Haikuja. Tanuri likapoa. Kobe akagonga mtungi kwa kichwa. Ngooo. Mtungi uliitika kwa sauti nzito, nzima, isiyo na ufa.

Mtadhani walipiga vigelegele. Hawakupiga. Ulikuwa mtungi mzuri, na kila aliyeutazama alikumbuka siku ambayo ungeweza kufinyangwa. Hilo ndilo lililowauma. Hawakukosa akili. Akili ilikuwepo pale pale uwanjani, imekaa nyuma, inangoja uji.

Nyati na Pofu wakachota, wakachota, mtungi ukajaa. Wadogo wote wakaja wakapanga mstari. Nyati akachukua kata, akachota maji ya kwanza, akampelekea Kanga, kichwa kikiwa chini.

Kanga akaipokea. Hakunywa. Alienda pembeni kidogo, mahali alipokuwa akimkanyagia Kinyoya kibawa upepo ukivuma. Akayamimina maji chini polepole.

Akasema, "Umeiva, mwanangu."

Tangu siku hiyo Nyati hutembea ameinamisha kichwa. Watu husema ni uzito wa pembe, nao wana haki ya kusema. Tangu siku hiyo Kanga ana madoa ya majivu, na mvua zote zilizonyesha hazijayatoa. Na Fisi bado anacheka, ndiyo, kicheko hakijamtoka. Ila hucheka mbali, peke yake, mkia katikati ya miguu, na akisikia kimya kinachofuata huona haya akakimbia.

Haya, funzo. Wewe mwenye pembe uliyekaa mbele, ukitaka kusikia, sema mwisho. Wewe mwenye kicheko, kibane kwanza. Neno linapozaliwa ni kifaranga, ukilipulizia tu linaondoka. Mtu aliye na nusu ya wazo asilionee haya, maana nusu nyingine iko kwa jirani yake, naye pia analionea haya. Na wewe uliyeinua mkono ukasema unajikuna, wewe ninakusema kwa upole, maana najua ulivyoumia. Lakini useme. Aibu ya kuchekwa hupoa kabla uji haujapoa. Aibu ya kunyamaza, mwulize Kanga.

Ngano nimeitua hapo. Ikiwa nzima ichukueni mkanywee maji. Ikiwa ina ufa, vigae vyake niachieni mimi, nitaviponda nivitie kwenye udongo wa nyingine.